Siku Niliyosema Nilimuua Numbi

Kama nyumbani kwako kuna mzee aliyeacha kuitikia salamu, na wewe umeanza kuchoka naye, nakuomba unisome kabla hujamwamulia. Nilikuwa mzee wa namna hiyo kwa mvua mbili na kiangazi kilichokuwa katikati yake. Sasa ninaitikia. Ninameza kidonge kila jioni, ninalala, ninakula. Mambo ya kichwa siyajui kama daktari anavyoyajua. Shule yangu iliishia darasa la nane, halafu reli ikanichukua. Nitaandika niliyoyaona, hata yanayoniaibisha, kwa sababu nikificha nusu, mgonjwa atakayesoma atadhani ugonjwa wake umezidi wangu.

Hapa Kamina wananiita Baba Kasongo, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza. Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa simu katika stesheni ndogo upande wa Luena. Treni haikuondoka kwangu mpaka stesheni ya mbele iseme njia ni wazi. Unazungusha mkono wa simu, unauliza, unajibiwa, unalirudia jibu, unaliandika katika kitabu na kutia sahihi. Likitokea kosa, mkaguzi anakuja na kitabu chako mkononi anauliza, "Ni nani?" Kama ni wewe, unasema "ni mimi" na unanyamaza. Aliyeeleza sana alionekana mwongo. Niliimaliza kazi ile bila kuandika uongo hata mstari mmoja, na mjini nilijulikana hivyo. Silisemi hili kwa kujisifu. Ndilo lililoniharibia.

Mke wangu alikuwa Numbi. Tulizaa watoto saba wakabaki wawili, Kasongo ambaye ni mwalimu, na dada yake Ngoie. Ngoie alikuwa amerudi kwetu na mtoto wake mdogo wa kike, baada ya mume wake kuchukuliwa jeshini na habari zake kukatika.

Vita ya pili ya Kongo ilipokaribia upande wa kaskazini, Kamina ilijaa. Askari wa kigeni walikaa kwenye kambi, na watu waliokimbia kutoka Malemba-Nkulu walilala makanisani na chini ya paa za sokoni. Treni ilikuwa ya askari kwanza. Ya raia ilikuja ilipotaka. Ndipo ikaja habari kwamba mdogo wake Numbi, anayekaa Luena, yuko mgonjwa sana. Numbi hakuniomba ruhusa ya kwenda. Aliniuliza tu swali moja, kama alivyoniuliza siku zote: njia ikoje? Nikaenda stesheni kwa wenzangu wa zamani. Wakaniambia wiki ile ilikuwa shwari. Nikarudi nikamwambia, "Nenda."

Alienda. Kurudi ndiko kulikoshindikana. Mabehewa yalichukuliwa kwa ajili ya askari, naye akakaa siku kumi na saba katika uwanja wa stesheni ya Luena pamoja na watu wengine, chini ya mvua za kwanza, akiogopa kuondoka treni isije ikamwacha. Alifika Kamina juu ya magunia ya makaa ya mawe, akitetemeka. Dawa ya malaria iliyokuwepo haikutosha. Siku ya nane, Jumapili, watu wakiwa kanisani, alikufa. Mikono yake ilikuwa bado na weusi wa makaa ya mawe.

Wakati wa kilio sikulia. Nilikaa nje na wanaume kando ya moto, nikaona watu wakinitazama macho. Shemeji yangu Banza, kaka mkubwa wa Numbi, alikuja kwa baiskeli kutoka Kabondo-Dianda, siku nne katika matope. Ni Mkatoliki, mkulima, mtu mzuri. Alilia mpaka akaishiwa sauti. Aliniwekea mkono begani akasema, "Baba Kasongo, lia. Ukikatala kulia, kilio itakukula weye." Sikuwa nimekataa. Ndani hapakuwa na kitu.

Nilidhani ni msiba tu. Kila mtu alidhani hivyo. Lakini msiba nilikuwa naujua, nilikuwa nimezika watoto watano. Msiba unakuja na kwenda; unacheka kidogo halafu unakumbuka. Huu haukwenda popote. Niliamka kabla ya jogoo na moyo umebanwa kana kwamba nimechelewa kazini. Bukari, ugali wetu, ilikuwa kama udongo mdomoni. Mkanda wangu niliutoboa tundu jipya, halafu la pili. Miguu ikawa mizito hata nikaanza kuiburuta, na sauti yangu ikashuka mpaka Ngoie alikuwa akiinama kunisikia. Mtu akiniuliza jambo, jibu nililiona mbali, likija polepole, na likifika mwenye kuuliza alikuwa ameshaondoka. Kanisani nilishika kitabu cha nyimbo nikasimama na wenzangu, mdomo umefungwa. Mimi niliyeimba sauti ya nne tangu ujana wangu.

Salamu ndizo zilizowaudhi watu. Katika mji huu unaweza kukosa chumvi ukasamehewa, lakini kupita nyumba ya mtu bila kusalimu ni vita. Nilikuwa nikipita. Walianza kusema ni uzee. Halafu wakasema nina kiburi. Halafu wakaacha kusema nikiwa karibu.

Na ndani ya kichwa kulikuwa na neno moja. Ulimwambia aende. Mwanzoni lilikuwa neno la kweli na la kawaida, kama mjane yeyote angejisemea. Kadiri mvua zilivyoendelea likabadilika. Ulimtuma afe. Ulijua. Mwisho, ulimuua. Nililisikia nikifunga viatu, nikinawa, mchungaji akihubiri. Sikusikia sauti ya mtu mwingine, ilikuwa sauti yangu mwenyewe. Niliamini kama ninavyoamini kwamba leo ni leo.

Kiangazi kilipoanza, familia zote mbili zilikusanyika kwetu kumaliza matanga. Kwa desturi yetu, watu wa marehemu wanamuuliza mjane mbele ya wote ni kitu gani kilichomuua mtoto wao. Si mashtaka. Kila mtu anajua jibu: unasema Mungu alimchukua, unataja ugonjwa, wanaitikia, unanyolewa, watu wanakula. Swali hilo ni mlango tu wa kutokea kwenye msiba. Mimi mwenyewe nilishalisikia likiulizwa mara nyingi na sikumbuki mtu aliyelijibu vingine.

Banza alisimama. Alikuwa amevaa koti alilofungia ndoa.

"Shemeji," akasema, "tulikupatia mutoto wetu muzima. Leo hatumuone. Utuambie, njo nini ilimuua?"

Ngoie aliniambia baadaye kwamba alikuwa akinisemea jibu moyoni, kama unavyomsaidia mtoto anayesahau shairi la Krismasi. Nikamwangalia Banza. Niliona mkaguzi na kitabu.

Nikasema, "Njo miye," yaani ni mimi.

Mtu mmoja alicheka, akidhani sijasikia swali. Banza akarudia taratibu, "Baba Kasongo, nauliza nini ilimuua Numbi."

"Njo miye. Miye njo nilimuua."

Nikanyamaza, kama nilivyofundishwa. Kama ningeeleza, kama ningesema habari ya treni na lile neno "nenda", labda wangeelewa. Sikuwa na nguvu ya kueleza, na niliona kueleza ni kujitetea. Kasongo, mwanangu, aliinuka akaniambia kwa upole sana, "Baba, sema tena vizuri. Bantu banasikia." Sikusema tena. Chakula cha matanga hakikuliwa. Akina mama walikifunika wakaondoka, sufuria mbili za mchele na mbuzi mzima, katika mwaka ambao watu walikuwa wakichimba mizizi porini.

Kwetu, mzee akisema amemuua mtu wa nyumbani mwake, hakuna anayemuuliza kwa kisu gani. Wote wanajua anasema uchawi, kwamba yeye ni mulozi. Banza hakunipiga wala hakuruhusu vijana wanipige. Alisema neno moja tu akiwa mlangoni, na lilikuwa baya kuliko fimbo: "Kama ni mutu mwingine, ningesema ni kilio inamuchanganya. Huyu hasemaka bongo." Bongo kwetu ni uongo.

Kasongo aliwachukua mke wake na watoto wake wakahamia upande mwingine wa mji. Ngoie alibaki, kwa sababu hakuwa na pa kwenda, na labda kwa sababu nyingine ambayo sijathubutu kumuuliza. Lakini alitenga sahani yangu. Watu wa nchi nyingine wanaweza kuliona hili dogo. Sisi tunakula bukari katika mlima mmoja, kila mtu anamega upande wake. Unayekula naye ndiye usiyemwogopa. Nilipewa mlima wangu mdogo na kibakuli changu cha sombe, mboga ya majani ya muhogo, nyuma ya nyumba, na mjukuu wangu akiitwa kila aliponikaribia. Nilisikia Ngoie akimwambia, "Muache tata, anachoka," yaani babu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwita mtoto aondoke kisimani.

Sikuwalaumu. Hilo ndilo nataka ulielewe. Mgonjwa wa ugonjwa huu akitengwa hashangai. Anaona watu hatimaye wameona anachokiona yeye.

Kiangazi kikakatika. Nilipungua mpaka pete ya ndoa ikaanguka yenyewe nikinawa, nikaitafuta katika matope kwa muda mrefu na nilipoiona nilishindwa kuinama. Asubuhi moja nilitembea mpaka kwenye reli, mahali pa kona, nje ya mji. Sitaficha nilikwenda kufanya nini. Nilikaa kwenye kokoto nikasubiri treni. Jua lilipanda. Nyasi zilikuwa zimeota katikati ya mataruma, ndefu kufika kifundo cha mguu. Mimi, niliyeishi kwa saa za treni, sikufikiri hata mara moja kuuliza kama treni ipo.

Ngoie alinikuta mchana. Alikuwa amekimbia, kanga imemlegea. Hakupiga kelele. Alisimama akaangalia upande wa Luena, kisha upande wa mji, kisha akaniangalia mimi.

"Baba," akasema, "treni haiko. Iko wiki tatu haiyakuya."

Nikasema sikujua.

"Weye, mutu wa reli, haukujua?" Kisha akakaa kando yangu kwenye kokoto, mara ya kwanza tangu matanga kukaa karibu nami hivyo, akaanza kulia. "Mulozi anakuyaka kujiua juu ya nini? Mulozi anauaka bengine. Huyu baba iko mugonjwa. Mungu wangu, iko mugonjwa, na tulimuacha."

Vita iliyoniondolea Numbi kwa kuchukua treni iliniacha mimi hai kwa njia hiyohiyo. Sijui nifanye nini na jambo hili. Nimeliandika tu.

Kesho yake alinipeleka hospitali. Tulikaa kwenye benchi ya saruji siku tatu kabla ya kuonwa, maana majeruhi na watoto wa surua walipita mbele. Ilikuwa haki. Kwenye benchi ile kulikuwa na mama mmoja mzee aliyekimbia kutoka Malemba-Nkulu, anatibiwa presha. Alinisogezea nafasi. Alikuwa amepoteza nyumba, nyavu za mume wake, na mume mwenyewe, na alikuwa akisema bila kupumzika. Siku ya pili akanigeukia.

"Baba, jambo."

Sikuitikia.

"Bon. Kama ulikuya kunyamaza, kaa kwa ile mwisho ya benchi. Huku njo kwa masolo," yaani maongezi.

Ngoie akamwomba msamaha, akasema baba yake ni mgonjwa. Yule mama akajibu, "Bote hapa tuko bagonjwa, mama. Hata munganga, angalia vile anakondaka." Akakata muhogo wake wa kuchemsha vipande viwili akaniwekea kimoja kwenye goti. Hakunijua. Hakujua nilichosema kwenye matanga. Nilikula kile kipande kwa sababu sikuweza kukirudisha, na kilikuwa chakula cha kwanza kwa miezi mingi ambacho mtu alikula nusu yake.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, naye mkimbizi, kutoka upande wa ziwa. Alituuliza maswali mengi, ninalalaje, ninakulaje, choo, moyo, nyakati gani za siku ni mbaya zaidi. Halafu akauliza kama kuna jambo ninalojilaumu. Ngoie akageuza uso ukutani. Nikasema, "Nilimuua mke wangu." Daktari hakuacha kuandika. Akauliza, "Ulimuua namna gani?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Nikafungua mdomo. Nilitafuta ile namna ndani ya kichwa changu, nikakuta njia, treni, siku kumi na saba, homa. Nikamweleza hayo, ilichukua muda. Alipomaliza kusikiliza alimuuliza Ngoie, "Mama alikufa na nini?" Ngoie akasema, "Malaria." Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutajwa tangu siku ya matanga.

Daktari aliniuliza nilifanya kazi gani. Nikamwambia. Akafikiri kidogo, akasema kwamba katika kichwa cha mtu kuna sehemu nyingi zinazopashana habari, na kwa baadhi ya wazee wenye ugonjwa huu wa huzuni mawasiliano ya sehemu hizo yanaharibika. Sehemu zinazomfanya mtu ajifikirie mwenyewe zinasemezana zenyewe bila kukoma, na zile za kupima na kusahihisha haziitikiwi. Nchi zenye mashine wanapiga picha na kuona. "Sisi hapa hatuna mashine," alisema, "tuna benchi na vidonge."

Nilimwelewa kwa namna yangu. Laini yetu ya simu ilikuwa moja kwa stesheni zote. Mtu wa stesheni moja akishika simu na kuongea, wengine wote hawawezi kuingia, hata kama wana habari kwamba daraja limevunjika. Nilimwambia hivyo. Akatabasamu akasema nisiuvute mfano huo mpaka mwisho, kwa sababu kichwa si reli. Lakini ulinisaidia. Mahali fulani ndani yangu palikuwa na mtu aliyejua Numbi alikufa kwa malaria. Alikuwa anapiga simu miezi yote hiyo.

Vidonge vilikuwa vidogo, vya rangi ya njano. Kwa wiki tatu vilinipa ubaya tu. Mdomo ulikauka mpaka ulimi ukashika kaakaa, nikawa natembea na chupa ya maji kama mlevi. Choo kikafunga. Kusoma kukawa ukungu. Nikisimama haraka dunia inazunguka. Mara moja nilianguka nikapasua nyusi. Nilitaka kuacha. Daktari alikuwa ametuonya, na Ngoie alivihesabu kila jioni akasimama mbele yangu mpaka nimeze na kufungua mdomo aangalie. Kama uko katika wiki hizo, usiache. Sina neno zuri zaidi. Usiache.

Dalili ya kwanza ya kupona haikuwa furaha. Ilikuwa hasira. Jirani aliweka redio kwa sauti kubwa, nikasema, "Huyu naye." Ngoie aliyekuwa akitwanga akaacha mchi hewani. "Baba, ulisema nini?" Nikarudia. Akaenda kumwambia jirani kwamba baba yake amekasirika, kama mtu anayepeleka habari ya mtoto aliyezaliwa. Siku chache baadaye nilisikia harufu ya sombe na mate yakajaribu kutoka. Na jioni moja, sikumbuki hata siku, Ngoie alileta bukari mlima mmoja tu, akaita mtoto wake, akakaa, akamega. Nilimega upande wangu mdogo sana ili mkono wangu usiwe karibu na wao. Mtoto akasema, "Tata, mbona unakula kama kuku?" Tukala.

Halafu vidonge vikaisha. Vilikuwa vinatoka Lubumbashi kwa treni, na treni haikuja mwezi mzima na nusu. Mvua ya pili ilikuwa imeshika. Nilianguka tena, haraka kuliko mara ya kwanza, na mara hii nikijua kinachonijia, ambayo ni mbaya zaidi. Nilimwambia Ngoie, "Kile kituo kimeshika tena simu," naye hakuniacha hata nikienda chooni. Kwenye benchi nilimtafuta yule mama wa Malemba. Mahali pake alikaa mtu mwingine. Muuguzi alisema hajui. Labda amerudi kwao, labda vingine. Sikupata kumwitikia salamu yake.

Vidonge vilirudi, na mimi nikarudi, polepole, kwa mdomo uleule mkavu.

Nilipokuwa na wiki kadhaa za kulala usingizi, nilituma neno kwa Banza na kwa Kasongo. Neno lililosemwa kwenye matanga huwezi kulifuta ukiwa peke yako na binti yako jikoni. Lazima lirudi mbele ya watu walewale. Banza alikuja, kwa baiskeli tena. Kasongo naye alikuja, akasimama karibu na mlango. Nilieleza yote. Safari hii nilieleza, bila kujali nani anayeona nafanana na mwongo. Nilitaja neno langu "nenda", siku kumi na saba, homa, ugonjwa wangu, daktari, vidonge. Ngoie alileta karatasi ya hospitali.

Banza alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amezeeka. Akasema, "Shemeji, niko nakuona uko unapona, na nafurahi. Lakini unipatie njia. Ile siku, hakuna mutu alikulazimisha. Ulisema yote na mudomo yako. Leo unasema ingine. Baba Kasongo mwenye hasemaka bongo, iko gani? Wa ile siku ao wa leo?"

Nikasema, "Wa ile siku hakusema uongo. Alikosea."

"Kukosea," akasema Banza, akalitazama neno hilo kama chombo asichojua kukishika. "Dada yangu hayuko. Miye niko na neno yako moja. Sasa unanipatia mbili, na sina namna ya kupima." Aliondoka siku iliyofuata. Alinipa mkono. Alikufa kiangazi kilichofuata, kwake, na mpaka leo sijui alilala na neno lipi.

Kasongo alichukua muda mrefu zaidi. Alianza kupita Jumamosi, akisimama uani, akiuliza habari za dada yake. Halafu akaanza kukaa. Miezi michache iliyopita alifika wakati wa chakula, mjukuu wangu akiwa kwa jirani, na Ngoie, bila kuuliza, akaleta mlima mkubwa wa bukari, wa watu watatu, akauweka kati yetu. Akaleta beseni. Mimi nilinawa, Ngoie akanawa, Kasongo akanawa.

Sitaandika ninachotaka, nitaandika nilichoona. Alinawa vizuri, hata kati ya vidole, kama mama yake alivyomfundisha. Kisha akaweka mikono yake magotini ikakauka hapo.

"Mukule tu," akasema. "Miye nilikula kule kwetu."

Tukala, Ngoie na mimi. Alitutazama. Baada ya muda akauliza, "Baba, unakunywaka dawa kila siku?"

"Kila siku."

"Treni ikichelewa?"

"Ngoie anaweka akiba. Ya mwezi mumoja."

Akaitikia kwa kichwa. "Nitatafuta ingine kwa bantu benye banakwenda Lubumbashi. Usiache, baba."

Kisha akaaga, akaenda.

Kwa hiyo nakuambia wewe mwenye mzee nyumbani. Siku akisema "ni mimi", usilitie neno hilo katika kitabu siku hiyohiyo. Muulize, namna gani? Subiri ajibu, hata kama jibu linakuja kwa mguu. Mimi niliulizwa kwa kuchelewa, na bado nilipona. Kupona kwenyewe ndiko huku: ninalala, ninaimba kidogo, mdomo wangu ni mkavu, na mwanangu ananitafutia dawa.

Siku ile upande wa Kasongo ulibaki mzima, laini, bila alama ya kidole. Ngoie alinyoosha mkono auvutie upande wetu, maana njaa haijaondoka mji huu. Nikamwambia auache kwanza. Tulikaa pale mpaka ukapoa.